Mgongo wa Seleyian

Seleyian alikuwa na maisha mawili, na ukimuuliza, yote mawili yalikuwa ya kweli. Katika maisha ya kwanza alikuwa mpangaji wa nyumba ya mawe pale Kitengela, ghorofa ya pili, penye maji ya mfereji mara mojamoja na redio ya jirani wakati wote. Katika maisha ya pili alikuwa mke mdogo wa mzee fulani kwenye manyatta iliyo karibu na Bisil, mahali ambapo hajawahi kulala hata kwa bahati mbaya. Manyatta hiyo, yaani boma la Kimaasai, ilijengwa kwa ajili ya watalii. Gari lao likionekana kwenye barabara ya Namanga, mlinzi hupiga mluzi, simu zikafichwa, shanga zikavaliwa juu ya fulana, na watu wakaanza kuishi kama mababu zao.

Mke mkubwa wa mzee huyo, na kiongozi wa nyimbo zote za Kimaasai, alikuwa Mwongeli, Mkamba wa Machakos. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Mwongeli alikuwa na sauti, na sauti haiulizwi kitambulisho.

Kazi ya Seleyian ilikuwa kukandika. Wageni wakishachoka kuruka na vijana, yeye huwaonyesha jinsi mwanamke wa Kimaasai anavyoikandika nyumba yake kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Alikandika ukuta uleule, mahali palepale, kila wiki, hadi ukuta ukawa mnene kama wa benki. Wageni walipiga picha, wakaziba pua kwa adabu, wakaondoka wakisema wameiona Afrika.

Sasa, huko Oltepesi, kwenye barabara ya kwenda Magadi, kulikuwa na nyumba nyingine ya mavi ya ng'ombe, hii ikiwa na mtu ndani yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake, Naeku, ambaye Seleyian alimwita Yeyo, yaani mama. Mwanawe Saning'o, mume wa Seleyian, alikuwa amejitolea kumwekea mabati, mama akakataa. "Mabati yanapiga kelele mvua ikinyesha," alisema. "Mimi niko na watu wa kutosha wa kunipigia kelele." Lakini mikono yake ilikuwa imezeeka na paa lilikuwa linavuja. Na kwa Wamaasai nyumba ni ya mwanamke. Mikono yake ikishindwa, mikono inayotakiwa ni ya mke wa mwanawe.

"Seleyian, mtoto wangu, paa inanyesha ndani," Yeyo alipiga simu. "Kuja tukandike."

"Nitakuja Jumamosi, Yeyo."

Jumamosi ilikuwa siku ya watalii. Jumamosi nyingine pia. Zilipokwisha kuliwa Jumamosi za kutosha hata mtu akaona haya kuitaja tena siku hiyo, Seleyian akapatwa na ugonjwa wa mgongo.

"Daktari amesema nisiiname, Yeyo."

"Pole, mtoto wangu," Yeyo akasema, na kwa kweli alisikitika. Wiki hiyohiyo alituma chupa ya mafuta ya kondoo ya kuchulia mgongo. Seleyian aliyapokea, akaona aibu jioni moja nzima, kisha akayapikia mboga.

Basi, ile kampuni ya kigeni iliyoleta watalii Bisil ilikuwa ikipeleka wengine Ladakh, India, juu kabisa kwenye milima ya Himalaya. Ikawajia fikra kwamba wenyeji wa huku watembelee wenyeji wa kule, wajifunze namna ya kupokea wageni. Oscar, meneja wa manyatta, hakusita.

"Utaenda wewe," alimwambia Seleyian. "Mwongeli anaimba poa, lakini wewe ndio orijino."

Saning'o alimuuliza kama hangemuaga mama kwanza. Seleyian akamwambia Yeyo kwa simu kwamba anaenda semina. Semina ni neno zuri, kwa sababu hakuna anayeuliza iko wapi.

Ladakh ilimpokea kwa kichwa kuuma. Hewa yenyewe ilikuwa haba. Alipanda ngazi tano akahema kama punda wa maji. Asubuhi walipandishwa mlima kutazama nyumba ya watawa iliyong'ang'ania jabali, mchana wakateremshwa mlima uleule, na kiongozi akawapongeza kwa ujasiri. Seleyian, aliyetembea utoto wake wote nyuma ya mbuzi bila kupongezwa na mtu, alipokea pongezi hizo kwa unyenyekevu. Chai ilikuwa ya chumvi na siagi. Kila alipojikaza akaimaliza, ilijazwa tena. Alichelewa sana kujua kwamba aliyetosheka huacha kikombe kimejaa.

Mwenyeji wake alikuwa mama mzee aitwaye Dolma. Aliwapokea mlangoni kwa joho refu na kofia ya mawe ya samawati, akatabasamu, akasimama hapo hadi kila mmoja alipopata picha yake. Upepo ulipoinua joho kidogo, Seleyian akaona chini yake suruali ya michezo yenye mistari miwili. Hapo ndipo alipojisikia yuko nyumbani.

Kwa siku mbili alikaa kwenye zulia zuri karibu na jiko, akala, akanywa ile chai. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na siku ya tatu ratiba ilisema, kwa herufi za kupendeza, "Kuishi kama wenyeji." Wakapewa vikapu vya mgongoni kwenda kuokota mavi ya yaki, ambaye ni ng'ombe aliyevaa blanketi. Seleyian alikuwa amevuka bahari na nchi kadhaa ili aokote mavi, na aliyaokota kwa furaha. Alikuwa mgeni, kila alichofanya kilikuwa starehe.

Waliporudi, Dolma alimwonyesha namna ya kufinyanga bonge, kulitandaza kama chapati na kulibandika ukutani likauke. Huko miti ni michache, na chapati hizo ndizo kuni za majira ya baridi. Dolma akaingia ndani kushughulikia chai, na Seleyian akabaki na rundo, ndoo ya maji na ukuta. Ukuta ulikuwa na nyufa.

Mikono ina akili yake. Aliyaona mavi, akaziona nyufa, na mambo mengine yote yakamtoka. Akachota majivu, akatia maji, akavuruga, akainama, akakandika ukuta wa Dolma kutoka juu hadi chini, rundo lote, huku akiimba. Kiongozi, akidhani hiyo nayo imo kwenye ratiba, akapiga picha nyingi.

Dolma alitoka na birika, akaona kuni zake zimegeuka plasta. Akapiga ukelele, na kiongozi akaendelea kupiga picha. Alimshika Seleyian kifundo cha mkono, akamsema kwa lugha yake bila kupumua, akionyesha mlima, akionyesha mbingu, akionyesha bila shaka theluji inayokuja. Seleyian hakuelewa neno hata moja, lakini alimwelewa sana. Ilikuwa sauti ya Yeyo, kupanda na kushuka kwake, hadi ile pumzi ya kukata tamaa mwishoni. Kisha Dolma akaangua kicheko, akajishika mbavu, akaleta vijiti, wakakaa wawili kukwangua ukuta. Ilikuwa wakati huo ndipo Seleyian alipokumbuka kwamba ameinama tangu asubuhi na mgongo haujamwambia kitu.

Kampuni iliiweka picha moja mtandaoni siku hiyohiyo, Dolma akifoka pembeni. "Mama wa Kimaasai aikandika nyumba ya rafiki yake Himalaya." Kule Oltepesi wifi yake, Nasieku, aliiona kwenye simu, akafurahi, na kwa moyo safi akamwonyesha mama yake. Jioni ukaja ujumbe wa Saning'o: "Mama ameona picha. Anasema anashukuru Mungu, mgongo wako umepona."

Aliporudi nchini, Oscar alimtaka Bisil mara moja, kuna kundi kubwa. Seleyian akaenda Oltepesi. Alibeba aprikoti kavu za Ladakh na maneno ya kuomba msamaha aliyoyapanga ndani ya ndege. Alipofika mlangoni aliinamisha kichwa, kama mke wa mwana anavyomwinamia mama mkwe, angojee mkono wa mzee utue utosini.

Mkono haukutua. Yeyo alimpa mkono kama wanavyopeana watu wasiojuana, akautikisa.

"Karibu, mgeni," alisema. "Pole na safari."

Alikuwa amevaa shanga zake za sherehe. Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, kiti pekee cha boma, akamfunika miguu kwa blanketi mpya. Mbuzi alichinjwa. Seleyian alipoanza kuomba msamaha, Yeyo alimkatiza kwa kumwongezea nyama. Alipoinuka aoshe vikombe, akarudishwa kitini. "La, mgeni. Mgongo." Mvua ikaja, paa likadondosha maji ndani ya sufuria katikati ya nyumba, tone baada ya tone, na hakuna aliyelitaja, kwa sababu mgeni hasumbuliwi na matatizo ya nyumba. Nasieku aliangalia pembeni. Yeyo alitabasamu vizuri sana, kama wanavyotabasamu kule Bisil.

Seleyian aliijua heshima ile. Alikuwa akiitoa kila Jumamosi kwa watu ambao majina yao hakuyashika. Hakuwahi kujua kwamba inauma. Afadhali angetukanwa. Siku ya pili ikapita hivyo, na siku ya tatu akaamka akisubiri jembe kama anayesubiri barua ya kazi. Jembe halikuja. Ilikuja chai, yenye sukari nyingi, kwenye kikombe kizuri.

Siku ya nne hakukaa kitini. Alijifunga leso, akaenda zizini, akazoa mavi kwa mikono miwili, akachanganya na majivu, akapanda juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa na kuanza paa. Simu ikalia mfukoni: Oscar. Akaiacha ilie hadi ikachoka.

Yeyo alitoka, akasimama nyuma yake. Seleyian akaendelea kukandika bila kuthubutu kugeuka.

"Hiyo ni nini?" Yeyo akasema mwishowe.

"Nakandika, Yeyo."

"Unakandika, ama unapikia paa uji? Nani alikufunza kuweka maji mingi hivyo? Na hapo umeruka! Hapo, hapo, uko na macho ya nini? Ndiyo maana yule mama wa milima alikuwa amekasirika kwa picha. Ata mimi ningelia. Mafuta yangu ya kondoo ulipaka wapi, kama si mgongo?"

"Nilipikia mboga, Yeyo."

"Mboga!" Yeyo aliitazama mbingu, kama Dolma. "Kondoo yangu mzima! Shuka. Shuka hapo kabla uangushe nyumba."

Akalikunja shuka lake, akatumbukiza mkono hadi kiwikoni, akaziba lile pengo mwenyewe kwa kofi moja. Seleyian alishuka akiwa analia na kucheka pamoja, akainamisha kichwa chake chenye nywele zilizosukwa upya kwa ajili ya safari. Yeyo aliutazama mkono wake ulivyo, akautazama msuko, akauweka mkono utosini, wote, na mavi yake.

"Nasieku!" akaita. "Ondoa hicho kiti. Mgeni ameenda."