Taulo ya Pili

Katika Eastlands yote, kuanzia Pumwani mpaka ufike Baba Dogo, hakuna aliyeijua baiskeli kunishinda mimi. Si majivuno, ni ukweli. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini walimu waliniletea baiskeli zao kando ya Barabara ya Jogoo wakasimama mbele yangu kama wanafunzi waliochelewa. Nilianza na gunia la kukalia na spana mbili. Mvi zilipoingia kwenye ndevu, nilikuwa na kibanda changu cha mabati, mafundi wawili niliowaandika mwenyewe, na nyumba ya mawe niliyoijenga bila kumwomba mtu hata msumari. Hakuna aliyenishika mkono.

Ila kaka yangu. Lakini huyo simhesabu, huyo ni damu.

Kaka alikuwa mtu wa reli. Ndiye aliyenitoa nyumbani, kule upande wa ziwa, akaja kunilaza jikoni kwake Makongeni, katika zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa na mke na baiskeli nyeusi ya chuma, vyote viwili akavitunza kuliko macho yake. Jumapili alimpakia mkewe mbele, kwenye bomba la fremu, wakaenda kanisani huku akipiga kengele hata njia ikiwa tupu.

Masika moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alitoka kumwona mgonjwa upande ule ambao siku hizi kuna mtaa wa Lucky Summer. Mvua ikamkuta huko. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alimwona akifika kivukoni, mto umejaa. Kaka alitazama juu, akatazama chini, akaitwika baiskeli begani, akaingia. Yule mama akainama kufunga mzigo wake. Alipoinuka, hapakuwa na mtu.

Baiskeli tuliipata mbali kule chini, imenasa kwenye mizizi, kengele imejaa tope. Yeye hatukumpata. Tulitafuta mpaka mto ukapungua ukawa kitu cha kuruka tu, na bado hatukumpata.

Kwetu, mtu akipotelea majini asionekane, kaburi haliachwi wazi wala halifukiwi bure. Hukatwa tunda la mwegea, lile refu kama mkono wa mtu mzima, likavikwa nguo zake, likaliliwa na kuzikwa kama yeye. Nililibeba mimi. Ni zito kuliko unavyodhani. Nililivika koti lake la reli nikafunga vifungo kimoja kimoja. Wazee wakasema, basi, sasa amelala. Shemeji yangu akapewa udongo autupe. Akaufumbata mkononi, asiutupe.

"Hili ni tunda," akasema. "Mimi sikuolewa na tunda."

Mwaka ulipopita wazee wakanikabidhi yeye, kama desturi ilivyo, niisimamishe nyumba ya ndugu yangu. Hakukataa. Alinipikia, tukakaa, tukapata watoto wawili. Lakini siku ya kwanza aliniambia hivi: "Wewe ni mtu mzuri, shemeji. Nitakaa na wewe. Ila mlango wangu usiuweke komeo."

Nami nikafanya hivyo. Kibanda changu kilikuwa na kufuli tatu, nyumba yangu haikuwa na hata kipande cha waya. Katika mitaa ile! Nadhani wezi walituogopa. Na kila upepo ulipousukuma ule mlango, yeye aliinua kichwa. Awe anamenya viazi, awe anasali, aliinua kichwa. Watoto walikua wakimsikia mama yao akimwita baba yao shemeji, wakaona ni jina langu.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu kwake. Nilitaka aache kuutazama ule mlango.

Basi ndiyo maana, katikati ya miaka ya themanini, na kitambi changu na goti moja linalolia kama bawaba, nikaingia mashindano. Mteja wangu mmoja, Mhindi wa duka la vioo, alikuwa na baiskeli nyembamba ya mbio niliyomtengenezea. Akanieleza kwamba yeye na wenzake wanaandaa mashindano ya vitu vitatu kwa mfululizo: unaogelea bwawani nje ya mji, ukitoka unapanda baiskeli safari ndefu, ukishuka unakimbia mpaka wenye akili wawe wamemaliza chakula.

"Andika jina langu," nikasema.

Akacheka. "Fundi, hii ni ya vijana. Halafu wewe unajua kuogelea?"

"Nitajua."

Ukweli ni kwamba tangu kaka aende, sikuwa nimeingia maji yaliyonipita magoti. Hata daraja la Barabara ya Jogoo nililivuka nikitazama mbele. Lakini hapo hapo, spana mkononi, niliona jambo lote mbele yangu: nitaingia majini mama watoto akiwa anatazama, na nitatoka. Atamwona mtu akitoka. Labda itatosha.

Nilimwambia jioni akichambua maharagwe.

"Kwa baiskeli gani?" akauliza.

"Ile."

Vidole vyake vikasimama, vikaendelea. "Maji yalimchukua na ile."

"Hili ni bwawa. Halina mkondo."

"Maji ni maji, shemeji."

Nikaanza kwa miguu. Alfajiri nilikimbia Barabara ya Jogoo nikipishana na umati wa watu waendao viwandani, mimi pekee na kaptula. Wakanifurahia sana.

"Mzee, umeibiwa nini?"

"Ongeza, mzee, mwizi amepita hapa sasa hivi!"

"Mwacheni, huyu amefukuzwa na bibi!"

Nilikuwa mwepesi wa kuwajibu kuliko wa kukimbia. Wanawake wenye vikapu vya sukuma wiki walinipita wakitembea. Lakini niliendelea, na goti likazoea kelele zake.

Baiskeli ilikuwa jambo jingine. Hiyo ndiyo niliyoifungua yote juu ya gunia baada ya msiba, nati kwa nati, nikaitoa tope, nikaifunga tena, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Hakuna aliyenifundisha. Kila kitu juu yake nilikuwa nimekwisha kukibadilisha ila fremu na kengele. Sasa nilipokuwa nikienda nayo Barabara ya Kangundo, ukungu haujainuka, kengele ilikuwa inalia. Si shimoni. Penye lami laini. Mara moja tu, kisha kimya. Mimi ni fundi, siamini hadithi za mizuka za vichochoroni; kengele hulia kwa sababu springi imechoka. Nikaweka springi mpya. Ikalia. Nikaifungua nikakuta mchanga mwekundu ndani yake, mkavu, kidogo kama ugoro. Nilikuwa nimeiosha ile kengele mara ngapi? Nikaifunga, sikumwambia mtu.

Kuogelea nilifundishwa na mzee mmoja wa Majengo, mwuza kahawa, ambaye ujanani alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alinipeleka Jumatatu kwenye bwawa la kuogelea la chuo fulani; mlinzi wa hapo alikuwa mteja wake wa kahawa. Siku ya kwanza nilishika ukuta kama mtu anayezuia nyumba isianguke.

"Bwana fundi," akaniambia kutoka juu, kikombe mkononi, "wapigana na nini?"

"Nazama!"

"Simama basi."

Nikasimama. Maji yakanifika kifuani.

"Maji hayana taya, huwezi kuyapiga ngumi," akasema. "Yalalie. Yatakubeba. Yanabeba meli, yashindwe na wewe?"

Kumlalia aliyemla ndugu yako si rahisi. Nilipotia kichwa ndani nilikuwa nasikia sauti ile ya chini, mvumo mzito, nikajiuliza kama ndiyo ya mwisho aliyoisikia. Nilitapika kahawa ya yule mzee kando ya bwawa zaidi ya mara moja. Hakunicheka, na hakunionea huruma. Mwishowe nikaweza kwenda na kurudi, polepole, kama kobe aliyelewa, lakini bila kugusa chini.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu. Bwawa lilikuwa kubwa, rangi ya chai, mafunjo upande wa pili. Watu kama thelathini hivi, wengi Wazungu na Wahindi, wote vijana, baiskeli zao unaweza kuziinua kwa kidole. Yangu niliilaza kwenye nyasi mbali kidogo, wasije wakaiuliza maswali.

Shemeji yangu alikuja. Sikumwomba. Alikuja na gari la fundi wangu mmoja, na kikapu, akasimama ukingoni karibu kabisa, viatu vyake vikazama kwenye matope.

Tukaingia, tuyazunguke mafunjo na kurudi palepale. Vijana wakaondoka kama bata waliotupiwa jiwe, nikabaki na povu lao. Nikalala juu ya maji kama nilivyofundishwa. Baridi ikanishika meno. Ndani hakukuonekana kitu, ila weusi unaokuja na kurudi. Nilipofika katikati, mahali ambapo huwezi tena kusema unaenda au unarudi, nikasikia mtu upande wangu wa kushoto.

Nakwambia nilivyosikia, si zaidi. Nilipoinua mkono, palikuwa na mkono mwingine ukiinuka. Nilipovuta pumzi, nikasikia pumzi. Nikajua vizuri kwamba mimi ndiye wa mwisho, wenzangu wote wako mbele. Sikugeuka kutazama. Hofu niliyoitegemea haikuja. Nikajikuta tu napunguza mwendo, kama unavyofanya ukitembea na mtu ambaye hutaki abaki nyuma. Tukaenda hivyo mpaka vidole vyangu vikagusa tope la ukingo.

Nikasimama. Nilikuwa nimeyaingia maji na nimetoka, mimi mwenyewe, mtu wa umri ule, na nikainua uso nimtazame mke wangu aone.

Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama nyuma yangu, majini. Na mkononi alikuwa na taulo mbili.

Nami nikageuka. Tukatazama wote wawili. Maji yalikuwa yakifunga ile njia niliyoipasua, taratibu, mpaka yakawa sawasawa na manyunyu yakaanza kuyatoboa tena.

Akanipa taulo moja. Nikajifuta. Nyingine ilibaki begani kwake, imekunjwa kama ilivyotoka sandukuni.

"Na hiyo?" nikamwuliza.

Akaenda pale ilipolala baiskeli, akaisimamisha, akaanza kuifuta manyunyu kwa ile taulo. Akafuta kiti. Akafuta usukani. Bomba la fremu, pale alipokuwa akikaa Jumapili, alilifuta muda mrefu. Tangu ilipotoka mtoni sikuwahi kumwona akiigusa. Kisha akaikunja taulo upya, akaiweka juu ya keria nyuma ya kiti, akaifunga kwa mpira, fundo juu ya fundo, kama unavyofunga mzigo wa mtu anayekwenda safari ya mbali.

"Panda," akasema. "Barabara ni ndefu, na mvua inakuja."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ile taulo, na alipokitoa alirudi nyuma hatua moja, akatupa nafasi.

Nilimaliza mashindano yale. Anayebisha na aje aniambie usoni. Nilimaliza wakati wanakunja meza, na yule Mhindi akanishika mkono. Lakini ukiniuliza ninachokumbuka, ni ule mwanzo wa barabara, mlima wa kwanza kutoka bwawani. Vijana walikwisha kupotea. Baiskeli ilikuwa nzito sana, nzito ya watu wawili, nami naijua, niliifunga kwa mikono hii. Wala sikuilazimisha. Niliiacha ipande kwa mwendo wake, na penye lami laini, kengele ilipolia, sikutafuta springi.