Alama Nne kwenye Kichwa cha Mudogo Wangu

Mutu akikuambia kwamba wazungu walitengeneza kichwa cha mutoto bila kukipasua, utacheka. Mimi nilicheka. Shida ni kwamba nilicheka mbele ya mama, na mwiko wa kusonga bukari, ugali wetu, ulikuwa mukononi mwake.

Mutoto mwenyewe ni mudogo wangu. Alikuwa na miaka nane alipoanguka kwa mara ya kwanza, hapa Nchelenge, kwenye muchanga tunapoanika chisense, dagaa wa ziwa letu. Mwili ulitetemeka, macho yakageuka, povu likatoka mudomoni. Watu wote walikimbia. Kwa vile mutu akianguka hivyo hapa ziwani, wanasema mate yake yakikugusa, ugonjwa umehamia kwako. Nilibaki mimi peke yangu kushika kichwa chake. Si ju ya ushujaa, mukono wangu ulikuwa chini yake.

Lopitalo ya hapa iliwatuma Lusaka, Lusaka ikawatuma Afrika ya Kusini, yeye na mama. Kule munganga wa lopitalo alieleza kwamba ndani ya ubongo mishipa ya damu ilizaliwa imejifunga ovyo, kama nyavu ile baba alitupa nyuma ya nyumba. Siku yoyote inaweza kupasuka. Kisu hakifiki pale bila kuharibu. Basi watapiga mwanga fulani usioonekana, kutoka pande nyingi, yote ikutane pale kwenye fundo. Mishipa itajifunga yenyewe polepole, miaka miwili, pengine mitatu. Na mbele ya kujifunga, bado inaweza kupasuka.

Ili kichwa kisicheze, walikifunga kwenye duara la chuma kwa skurubu nne, mbili mbele na mbili nyuma. Alikuwa amelazwa usingizi. Nilipomuuliza kitu gani kilikuwa kibaya kule, alisema: "Walininyima chai."

Mama alirudi na sheria tatu. Vidonge asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Kichwa kikimuuma na akitapika, lopitalo mbio. Na hakuna mutu wa kukata, kuchanja wala kuumika kichwa kile. "Wala kukipiga. Si ngoma ya kanisa," alisema, akiniangalia mimi.

Kazi ya vidonge nilipewa mimi, kwa vile mama anaondoka mapema kwenda soko la Kashikishi. Mudogo wangu alikuwa anavificha chini ya ulimi, anaenda kutemea mbuzi. Mbuzi yetu ilikuwa na afya sana. Basi nikaweka amri: kumeza, kisha kutoa ulimi wote inje, nichungulie. Tulichukiana kila asubuhi, na mara ya pili jioni.

Halafu akaja Tantine, dada mukubwa wa baba, kutoka Kilwa, si ile ya baharini, hii ya ng'ambo ya ziwa. Ni mwaka watu wa ule upande walianza tena kukimbia vita. Tantine alisema anakimbia vita. Vita ilikuwa haijafika Kilwa. Mimi nafikiri ndiyo iliyomukimbia yeye.

Siku ya kwanza tu alishika kichwa cha mutoto, akakigeuza kama mutu anayenunua papai.

"Walipasua wapi?"

"Hawakupasua, dada," mama alisema.

"Basi walifanya nini?"

"Walipiga mwanga."

"Mwanga! Hata mie niko na tochi."

Alipofumua nywele ndipo akaona zile alama za skurubu, nne, ndogo, nyeusi. Akanyamaza. Mutu kama Tantine akinyamaza, ficha vitu vyako.

"Hizi ni chanjo," alisema.

Hapa kwetu kila mutu ana chanjo mahali. Za kichwa kuuma zinakatwa pembeni mwa jicho, za bahati ya samaki kwenye mukono wa kuvuta nyavu. Lakini nne, mbili mbele na mbili nyuma, hakuna aliyejua ni za nini. Na kitu ambacho hakuna anayekijua, kila mutu ana maelezo yake.

Sasa, kosa langu. Sitalipamba. Musimu ule baba alivua chisense nyingi kuliko jirani. Siku moja wanunuzi wa Copperbelt, kule kwenye migodi, wamejaa kwenye mikeka yetu, kijana mumoja akauliza siri ya baba ni nini. Mimi huyo. Nikaokota kaa la moto lililozimika, nikajitia madoa mawili kwenye paji la uso, mawili kisogoni, nikasema: "Nyumba nzima tuko na chanjo hii. Mudogo wangu alitangulia kufungua njia. Samaki wanakuja wenyewe, wanauliza tu, kwa fulani ni hapa?"

Walicheka mupaka wengine wakakaa chini. Nilitembea siku ile kama mwenye ziwa.

Jumapili ule muzaha ulirudi nyumbani bila kicheko chake. Kanisani mwanamuke mumoja aliondoa mutoto wake kwenye benchi yetu. Kwenye pompi ya maji mwingine akamwambia mama, kwa adabu yote, "Bamayo, samahani mukwai, ni kweli mulimutoa mutoto kafara ju ya kupata samaki?" Wanunuzi walianza kupita pembeni ya mikeka yetu kama vile chisense inauma. Mudogo wangu akabaki kucheza na mbuzi.

Na aliyebeba ile habari nyumba kwa nyumba, akiiongezea chumvi, alikuwa Tantine. Mama aliuliza nani aliianzisha. Mimi niliuliza mbuzi kama imekula.

Kisha Tantine akaleta mupango. Kule Puta kuna mufumu, mwanamuke muzee, anafungua chanjo mbaya kwa wembe, anavuta uchafu kwa pembe. Lakini vidonge vya wazungu lazima kwanza vitupwe ziwani, ju dawa mbili ndani ya mwili mumoja zinapigana kama wake wenza.

"Siku utagusa kichwa cha mutoto wangu," mama alisema, "utarudi Kilwa kwa kuogelea."

"Mutoto wako? Kwetu Baluba mutoto ni wa baba."

"Hapa si kwenu. Hapa mutoto ni wa mama, na samaki unayokula ni ya mama pia."

Baba alifanya anavyofanya kila mara: alikumbuka kwamba nyavu imepasuka.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya juma. Mama alikwenda lopitalo kuchukua vidonge vingine, baba alikuwa majini. Mimi nilirudi kutoka masomo saa sita, nafikiria bukari tu. Uani nikakuta mukeka, mwanamuke muzee, pembe ya ng'ombe, wembe mupya kwenye karatasi yake. Mudogo wangu katikati, nywele zimefumuliwa. Kopo la vidonge kwenye mapaja ya Tantine.

"Amemeza cha asubuhi?" niliuliza.

"Hatameza tena," Tantine alisema. "Ingia ndani ule, munafiki mudogo."

Mudogo wangu hakulia. Aliniangalia tu. Alijua habari ya kaa. Watoto wote wa shule walijua.

Ningekimbia kumuita mama, lopitalo ni mbali na wembe ulikuwa karibu. Ningemupiga Tantine, yeye ni mara tatu yangu. Nilibaki na kitu kimoja tu ninachokijua.

"Mama muzee, mukwai," nilisema, nikapiga magoti vizuri kama mutoto wa mutu. "Munaanzaje na mudogo wakati mukubwa yupo? Mimi pia niko na zile alama."

"Ziko wapi?"

"Zimefutika juu, dawa iko ndani. Soko lote linajua. Uliza Tantine, ndiye anawaelezaka watu."

Tantine alifungua mudomo, akaufunga. Akisema mimi ni muongo, basi habari yote ni uongo, na mufumu ametoka Puta bure. Nilimuona anavyozunguka ndani ya ule mutego kama samaki, na vraiment, kweli kabisa, nilifurahi.

"Kata huyu mujinga pia," alisema.

Nilikuwa nimepanga kupiga kelele na kujiangusha mbele ya wembe kugusa. Mwanamuke yule alikuwa mwepesi kuliko mipango yangu. Moto kwenye paji la uso, damu kwenye jicho, pembe ikabandikwa, akanyonya, akaziba tundu. Hapo sikuhitaji tena kuigiza sana. Nikajitupa. Macho juu, miguu inapiga, meno yanagongana. Nimeshika kichwa cha mudogo wangu mara nyingi, ninajua kila hatua. Mate nilikusanya ya kutosha, na niliyaelekeza kwenye kitenge cha mufumu.

"Huyu ana kifafa!" alilia. "Hamukuniambia!"

Akachukua wembe, akaacha pembe. Pembe ilikuwa bado imenasa kwenye paji langu. Nikasimama nikamufuata mupaka barabarani, kama mbuzi ya pembe moja, nikitema. Tantine aliruka nyuma, kopo likaanguka, vidonge vikatawanyika kwenye muchanga.

Niliporudi, mudogo wangu alikuwa amepiga magoti anaviokota. Alichukua kimoja, akakipuliza, akameza bila maji. Kisha akanitolea ulimi, wote, mupaka mwisho.

"Mimi siangukake vile," alisema. "Wewe umepiga mateke kama kuku. Mimi naangukaka vizuri."

Mama alirudi, nikamwambia yote, na kaa pia. Alinipiga. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kesho yake alinipeleka Kashikishi, akanisimamisha mbele ya wanunuzi, niseme kwamba nilidanganya. Nilisema. Waliangalia kidonda changu kibichi, wakacheka, hakuna aliyeamini. Mutu hakatwi bure, walisema. Chisense tuliwauzia watu wa mbali ambao hawatujui.

Tantine alirudi ng'ambo. Mupaka leo hasemi na mimi, na mimi simuombi msamaha.

Zile alama nne zimefutika kabisa. Kovu langu ndilo limebaki, duara katikati ya paji, wanawake wa pompi wanalihesabu kama ushahidi. Miaka miwili inaisha kiangazi hiki. Mama na mudogo wangu watakwenda tena kule kusini kupigwa picha ya mishipa, kuona kama imefunga. Hatujui. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hakuna wembe uliofika kwenye kichwa chake, na kwamba kila asubuhi, hata sijaamka vizuri, anasimama juu yangu na ulimi wake inje.

"Angalia haraka," anasema. "Unanuka mudomo."