Mkate wa Posa ya Bayan

Kwa miaka ishirini na mbili Mboni aliloweka mchele, akakuna nazi, akachuja tui, akapasua mayai na kutenga ute na kiini, lakini hakuwahi kuonja uji wa mkate kabla haujamiminwa. Hilo lilikuwa la mama mkwe wake, Bi Ghanima. Katika nyumba ile ya Pangani, yenye jiko lililojengwa peke yake uani, mkate wa kumimina hauingii sufuriani mpaka Bi Ghanima achovye kidole, alambe, anyamaze kidogo, kisha aseme, "Mimina." Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia, na mjini hapakuwa na arusi wala Idi ya watu wenye asili ya Oman ambayo mkate wa nyumba hiyo haukufika.

Mboni aliingia humo akiwa bibi arusi, binti wa Hatibu muuza samaki wa Kigombe. Mumewe, Sami, alimpenda, na wakwe walimpokea kwa heshima, ila jikoni alianzia kwenye kuzoa majivu. Mwaka wa pili akaruhusiwa kusaga mchele. Mwaka wa tano akakabidhiwa makaa, kwa kuwa mkate ule huokwa kwa moto wa juu na wa chini, na makaa ya kwenye mfuniko yanataka mkono usio na haraka. Kuhusu kuonja hakuuliza. Alijua si kitu cha kuombwa.

Mambo yalianza kwenda kombo Ramadhani iliyopita. Mkate wa kumi la kwanza ulitoka mweupe, laini, umeumuka vizuri, lakini hauna hiliki hata chembe. Bi Ghanima alisema Mboni hakumpa hiliki. Mboni alikumbuka kumpa kijiko mkononi, akainama kuzoa majivu. Wiki iliyofuata hiliki ikazidi mpaka mkate ukawa mchungu, jirani mmoja akarudisha nusu yake kwa adabu, akisema watoto wameshiba. Halafu ikaja siku ya maziwa. Bi Ghanima alikuwa amekaa kwenye kibao hatua mbili kutoka kwenye seredani ya makaa akichambua mchele, maziwa yakaungua mpaka moshi ukafika barazani, naye akaendelea kuchambua.

Wifi yake Mboni, Maha, aliyeolewa Tanga mjini, alizipata habari hizo kwa simu na kuzielewa kwa namna yake. Alimwambia kaka yake kwamba mama hajazeeka kiasi hicho, na kwamba nyumba nyingine zina watu wanaongoja jiko liwe lao. Sami alimweleza mkewe maneno hayo akidhani yatamchekesha. Mboni hakucheka. Tangu hapo kila alipomkabidhi mama mkwe kitu jikoni alikitaja kwa sauti: sukari hii, Mama, chumvi hii, Mama. Bi Ghanima akamuuliza kama anamwona kipofu.

Posa ya Bayan, binti wa pekee wa Mboni, ikapangwa kuwa Ijumaa baada ya alasiri. Kijana aliitwa Mudathir, wa Tanga, na bibi yake kijana huyo alikuwa amekwisha kutuma salamu kwamba miguu inamuuma lakini atakuja, sababu anautamani mkate wa Bi Ghanima alioula mara moja ujanani. Bi Ghanima alifurahi kwa salamu hizo kuliko alivyofurahi kwa posa yenyewe. Akaagiza mikate kumi.

Maha alifika Jumatano, na zawadi aliyomletea mama yake ilikuwa jiko la gesi la mafiga mawili na mtungi wake. Alisema umri wa kupuliza makaa umepita. Bi Ghanima alilitazama jiko lile kama mgeni asiyetarajiwa, lakini mbele ya binti yake akashukuru, akaonyeshwa kitasa kinavyozungushwa na njiti inavyosogezwa.

Ijumaa alfajiri uji wa mkate ulikwisha sagwa na kutiwa hamira. Mabeseni mawili makubwa yalifunikwa vitambaa, yakawekwa pembeni uji uumuke. Saa mbili na nusu Mboni alitoka kwenda kwa jirani kuazima mifuniko ya bati, maana sufuria zilikuwa nyingi na mifuniko haikutosha. Seredani zilikuwa zimepangwa makaa lakini hazijawashwa. Alimwacha Bi Ghanima peke yake, na madirisha yamefungwa ili vumbi la uani lisiingie kwenye uji.

Jirani alikuwa na maneno mengi kuhusu posa. Mboni alipofanikiwa kuondoka, mifuniko minne mkononi, ilikuwa imepita robo saa. Alipofika katikati ya uwanja alisikia harufu. Ilikuwa harufu nzito, mbaya, kama ya kitunguu kilichooza, na ilitoka chini ya mlango wa jikoni.

Aliiweka mifuniko chini polepole ili isilie. Kwa nini alifanya hivyo hakujua hata baadaye, ila kitu kilimwambia asimshtue aliyemo ndani. Akausukuma mlango. Harufu ilimpiga usoni, macho yakamwasha. Bi Ghanima alisimama mbele ya jiko jipya, kisufuria cha tui kimeshatelekwa, kitasa kimefunguliwa hadi mwisho. Mkononi ana kiberiti. Sakafuni, karibu na miguu yake, palikuwa na njiti moja iliyovunjika kichwa bila kuwaka. Alikuwa akichagua nyingine.

"Mama," Mboni alisema, kwa sauti ile ile ya kusema sukari hii. "Nipe mkono wako kwanza."

Bi Ghanima aligeuka, njiti imekwisha gusa ubavu wa kiberiti. "Mkono wa nini? Nataka kupasha tui, uji unangoja."

Mboni alizitembea hatua nne zilizowatenganisha akimtazama usoni. Akaufumbata mkono wa mama mkwe wake, kiberiti na njiti vyote ndani ya kiganja chake, akaubana. Kwa mkono mwingine akapapasa kitasa, akakifunga, kisha akainama na kuufunga mtungi. Akamtoa yule mama nje akimvuta kama mtu anayemvusha mtoto barabara, akarudi kufungua madirisha yote mawili. Ndipo akakaa kizingitini.

Bi Ghanima alikuwa amefura kwa hasira. Alitaka kujua tangu lini mkaza mwana ananyang'anya kiberiti kwenye jiko la watu. Hakumaliza, maana Maha alitoka ndani mbio, kitambaa puani, akiuliza nani ameacha gesi wazi. Akamtazama Mboni aliyekaa kizingitini na kiberiti mkononi. Akasema, "Ulitaka kumuua mama yangu?"

Mboni alimtazama Bi Ghanima. Aliona jinsi yule mama alivyokuwa akikitazama kitambaa kilichoziba pua ya binti yake, kisha mlango wa jikoni, kisha kitambaa tena. Ilikuwa dhahiri kwamba ndiyo kwanza anaelewa kilichokuwamo ndani ya chumba kile pamoja naye. Na ilikuwa dhahiri pia kwamba angeweza kusema neno moja tu, ni mimi, na mambo yakaisha.

Hakulisema. Alijishika kwenye nguzo ya uani akatazama chini.

Maha aliingia ndani kumpigia simu Sami, aliyekuwa sokoni, kumweleza mkewe amefanya nini. Mboni alimwacha aende. Uchungu wake ulikuwa mkubwa kuliko hofu ya dakika chache zilizopita. Walipobaki wawili aliuliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini, Mama?"

Yule mama aliiachia nguzo. Kisha Bi Ghanima akasema tangu ile homa iliyomlaza wiki tatu, mwaka juzi. Alipona kila kitu, pua haikurudi, na ladha ikaondoka nayo. Chumvi aliihisi kwa mbali, sukari kwa mbali, mengine yote yalikuwa kama kutafuna karatasi. Alingoja irudi. Alipoona hairudi aliendelea kuchovya kidole na kunyamaza na kusema mimina, akikisia kwa macho na kwa mazoea.

"Maha akijua atanichukua Tanga," alisema. "Atanikalisha kwenye kochi, anipe televisheni. Mie nitafanya nini kule, Mboni? Niambie, nitafanya nini?"

Mboni alikuwa na majibu mengi, mengine makali. Alisema moja tu: kwamba yeye hatasema kwa mtu, jambo hili atalisema mwenyewe mwenye pua, na atalisema leo. Bi Ghanima alijifunga upya kanga yake, akaingia jikoni, ambako hewa ilikuwa imesafika, akafunua beseni la kwanza. Akamnyooshea Mboni kijiko.

"Onja."

Mboni alichovya kidole, si kijiko. Alionja, akaonja tena, kisha akaenda kwenye beseni la pili. Uji ulikuwa umechacha, ukali wake unauma ulimi. Aliuliza hamira ilitiwa mara ngapi. Bi Ghanima alifikiri, akasema alitia alfajiri, na halafu, kwa kuwa hakusikia harufu yake, alikuwa na shaka kama alitia, akatia tena.

Wageni walikuwa wanaingia saa kumi. Ilikuwa inakaribia saa tatu na nusu asubuhi, na mchele wa mikate kumi haulowekwi kwa saa moja. Mboni alijua la kufanya, na alijua pia gharama ya kulisema. Mkate ukiharibika sasa, au ukikosekana, Maha ataapa mbele ya wakwe kwamba umeharibiwa na yeye.

"Haumiminiki, Mama," alisema. "Tuumwage."

Kwa muda Bi Ghanima alimtazama kama anayempima kwa mara ya kwanza. Hakuwa na njia ya kuhakikisha. Ama amwamini mkaza mwana wake, ama apeleke mkate mchachu mbele ya mwanamke aliyeungoja tangu ujanani. Akashika ukingo mmoja wa beseni. Mboni akashika wa pili. Wakautoa uji wote uani na kuumwaga kwenye shina la mgomba, beseni la kwanza na la pili, na Maha akiwatazama dirishani.

Palibaki bakuli la mchele uliolowekwa kwa ajili ya vibibi, vile vikate vyembamba vya mchele, vya asubuhi. Ungetosha mikate mitano, ukibanwa. Bayan akaitwa aache kujipamba aje akune nazi, akaja na hina mkononi akakuna hivyo hivyo. Mboni alisaga, akatia hamira mara moja, akaonja. Beseni likawekwa juani. Walikaa wakilitazama. Saa sita likaanza kutoa mapovu, saa sita na nusu likapanda hadi alama aliyoiweka Mboni kwa kidole. Mboni akaonja mara ya mwisho na kungoja, kwa mazoea, asikie lile neno. Bi Ghanima hakulisema. Alikuwa anangoja alisikie kwake.

"Mimina, Mama," Mboni akasema, na Bi Ghanima akamimina. Hakuna aliyeweza kumimina kama yeye, na hilo pua haikulichukua.

Sami alirudi kutoka msikitini akiwa amekunja uso, maneno ya dada yake yamemjaa. Alimkuta mama yake kwenye mlango wa jikoni, anamngoja yeye na Maha pamoja. Bi Ghanima aliwaambia kwa maneno machache kuliko waliyotegemea. Gesi aliifungua yeye. Hakuisikia kwa sababu hasikii harufu yoyote, mwaka wa pili huu. Mkaza mwana wake ndiye aliyemtoa. Maha alianza kulia, na katikati ya kilio akasema basi Jumapili wataondoka wote wawili kwenda Tanga. Mama yake akamjibu kwamba kwenda kutembea atakwenda, kuhamia hahamii. Sami aliunyanyua mtungi begani, akalishika jiko, akavitoa nje, na jiko lile halikurudi nyumbani humo.

Mikate mitano ilikatwa vipande vidogo kuliko desturi. Bibi yake Mudathir alikula vitatu, akauliza siri ya ulaini wake, akaambiwa na Bi Ghanima amuulize Mboni. Posa ikakubaliwa kabla ya magharibi.

Haikuwa kwamba mambo yalinyooka siku ile. Maha hakuomba radhi mpaka arusi ilipokaribia, na aliomba kwa ujumbe wa simu. Bi Ghanima hakuomba kabisa kwa yale aliyoyanyamazia pale uani, na Mboni alikuwa na siku alizoamka nayo kifuani na kuosha vyombo kwa kuvigonganisha. Walibishana kuhusu sukari. Walibishana kuhusu hiliki, na mmoja wao hakuwa na ladha ya kubishania, lakini alibisha.

Ila jambo moja lilibadilika. Mkate ukiwa motoni, makaa yamepangwa juu na chini, Bi Ghanima husogeza kibao chake karibu na kumuuliza mkaza mwana wake sasa hivi jiko linanukia nini. Mara ya kwanza Mboni alisema, "Linanukia mkate," akaambiwa hilo si jibu. Ikabidi ajifunze kulisema. Akasema tui linaanza kukauka pembeni, sukari bado haijashika rangi, na hiliki inakuja taratibu, inapotea, inarudi.

"Bado kidogo, basi," Bi Ghanima alisema, akachukua koleo na kuondoa kaa moja juu ya mfuniko.