Miwani ya Bibi Iliyowasha Moto

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeshuka kutoka Kinole na darasa la nne langu, nikabeba magunia sokoni Morogoro mpaka nikawa na malori matatu, na sikukopa hata tairi. Lakini mwaka jana niliingia duka la miwani pale mjini, nikaokota kioo kimoja kinene kwenye sanduku la kupimia macho, nikakielekeza juani kwa utani tu. Karatasi ya kijana wa duka ikafuka moshi. Harufu ile, ndugu zangu, ikanirudisha kwa bibi.

Enzi zile za Ujamaa viberiti viliadimika, moto tukaombana kwa kaa, nyumba hadi nyumba. Bibi alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, akarudi na miwani ambayo vioo vyake vilitokeza kama tumbo la chura. Tulimcheka, naye akatucheka. "Chekeni tu. Sasa nawaona mpaka chawa."

Masika moja mvua ilivuja hadi mafigani, moto ukafa upande wetu wote. Alfajiri jirani yetu Mwanaisha akajifungua kabla ya siku zake, kitoto cha baridi kama jiwe la mtoni. Ukungu ulipopasuka kidogo, mwalimu wa shule yetu alitoa miwani yake ya kusomea, yenye kioo chembamba. Aliiinua dhiraa nzima juu ya sufi tuliyoipaka masizi. Kikatokea kiduara cha mwanga, kipana kama choroko, cha uvuguvugu tu.

"Mwalimu, hiyo inaanika," mjomba Shabani akamwambia. "Haiwashi."

Bibi akavua yake bila kuombwa. Mjomba aliishika umbali wa vidole vinne tu juu ya sufi. Jua lilikuwa lile lile, ila kile kitumbo cha kioo kililikunja mpaka likawa punje ya ulezi, jeupe, halitazamiki. Sufi ikafuka papo hapo. Ukungu nao ukarudi, mjomba akalikimbilia jua juu ya mwamba, akapuliza, ikashika. Wakati wa kushuka aliteleza. Mkono wa moto aliuinua. Wa miwani ukapiga jiwe.

"Moto umewaka?" bibi akauliza.

"Umewaka, mama. Ila..."

"Mlio wa kioo nimeusikia. Mimi nimeuliza moto."

Kitoto kiliota, kikalia, kikaishi. Mjomba alishuka hospitali mara nyingi kutafuta miwani nyingine, akiambiwa asubiri, haijaletwa. Haikuletwa.

Bibi hakulalamika. Alipukuchua pilipili manga kwa vidole, akatutambua kwa hatua zetu. Kila nikirudi alinishika uso kwa mikono miwili, inanuka pilipili, akanipapasa paji, pua, kidevu, taratibu. Nilivimba kichwa: mjukuu mpendwa ni mimi! Siku nilipoondoka kuja mjini alinisindikiza hadi njia panda, akanipungia mkono huku ameuelekea mgomba. Nikacheka. Nilidhani ananitania, kama kawaida yake. Alifariki kabla sijanunua lori la kwanza.

Basi pale dukani nikaagiza miwani nzima, ya unene ule ule.

"Mzee, siku hizi waliopasuliwa mtoto wa jicho wanawekewa kioo ndani ya jicho," kijana akasema. "Hii utamvalisha nani?"

"Wewe tengeneza."

Ilipokuwa tayari niliivaa. Duka likayeyuka. Mlangoni kulikuwa na kitu kirefu, cheusi. Kikaniita "Baba", ndipo nikajua ni mwanangu. Nikamweleza kijana habari za bibi. Akasema, "Mzee, unavyoona wewe ukiivaa, ndivyo alivyokuwa anaona yeye akiivua."

Nikanyoosha mikono, nikamshika mwanangu uso. Paji. Pua. Kidevu. Nililia mbele za watu, mimi niliyesema sishangazwi.

Miwani hiyo iko Kinole, nimeifukia kichwani pa kaburi lake. Bei za malori nimezisahau. Ya miwani naijua: shilingi laki moja, elfu themanini na saba na mia tano.