Kesi ya Mtoto Mweupe

Mwanamume aliyeninyang'anya mtoto ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wote pale. "Samahani, madam," alisema. Kisha akanikunja mkono hadi bega likalia.

Nilikuwa nimetoka kliniki Kericho mjini. Mtoto alikuwa amedungwa sindano ya miezi kumi na minane, na alinichukia kwa sababu mimi ndiye nilimshika mguu. Njia yote hadi sokoni alipiga kelele, akajipinda nyuma, akanikwaruza uso. Nikamvuta kwa nguvu. Nakubali, nilimvuta. Mtoto ni mweupe, amefanana na baba yake; mimi ni mweusi tii. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yote.

"Huyo si wake! Ona vile anamkataa!" mwanamke mmoja akapiga nduru.

Watu wakisikia nduru hawaulizi. Wanaokota. Jiwe la kwanza lilinipata mgongoni, la pili juu ya sikio. Damu ikaingia kwa jicho.

"Ni wangu! Nimemzaa!"

"Wezi wote huzaa," mtu akacheka.

Kitabu cha kliniki kilianguka matopeni wakakikanyaga, hakuna aliyeinama kukisoma. Na yule mwenye adabu alikuwa anaenda na mtoto wangu. Nilimrukia nikamuuma mkono. Niliuma hadi nikaonja damu.

Aliyeniokoa ni mama wa kuuza ndizi, amevaa gambuti, na matusi yake siwezi kuyaandika yote. Alikuwa ameona blauzi yangu imelowa.

"Mbwa nyinyi! Kama ameiba mtoto, na maziwa pia ameiba?" Akamnyakua mtoto, akanisukuma nikae chini. "Toa titi, mjinga wewe! Unangoja nini?"

Nikafungua vifungo mbele ya wanaume wote hao. Mtoto akalidaka, akanyonya na kwikwi, mkono wake ukitafuta lile lingine, vile hufanya kila siku.

Mawe yakaanza kuachiliwa, moja moja.

"Pole, mathe. Tulikuwa tu tunasaidia mtoto."

"Samahani kwa usumbufu, madam," akasema yule niliyemuuma.

Nilimwambia akafie mbele.

Mama wa ndizi akanifinya sikio lililobaki zima. "Na wewe, mtoto havutwi hivyo." Akarudi kwa ndizi zake.

Nilikaa palepale matopeni, nikamgeuza mtoto upande wa pili. Wapite kando. Hakuna mtu angeniinua kabla mtoto ashibe.