Hadubini Iliyopanda Bodaboda

Siku zile kila mtu alikuwa na maoni kuhusu mitaala. Ukishuka Same sokoni, mada ni hiyo. Ukitoka kanisani, hiyohiyo. Mwuza sare mmoja wa pale stendi alishikilia kwamba watoto wa milimani wapewe elimu yao: kilimo cha tangawizi, ufugaji, basi. Nilimpinga mpaka mate yakanikauka. Nilimwambia mtihani ni mmoja kwa taifa zima, kwa hiyo na vifaa viwe vilevile, kwetu na Dar es Salaam. Binti yangu yuko kidato cha nne na anataka kufanya kazi ya maabara hospitalini. Tangawizi anaijua tangu nikimbeba mgongoni.

Maabara ya shule yetu ya kata tuliijenga wenyewe kwa msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu, nami nilibeba mawe kutoka korongoni hadi utosi ukawaka moto. Tukasimamisha kuta, tukapaua, tukaambiwa vifaa vinakuja. Wakaja popo.

Asubuhi ya ukaguzi nilikuwa shuleni na akina mama wenzangu tukiwapikia wageni. Bodaboda ikapanda ikihema, nyuma yake sanduku la mbao limefungwa kwa mpira wa tyubu. Mkuu wa shule akalipokea kwa mikono miwili kama anayepokea kichanga. Ndani mlikuwa na hadubini, mizani na chupa za kioo. Nikafurahi, masikini mimi. Nikamwuliza dereva kama vimenunuliwa Same. Akasema hapana, amevitoa shule moja ya tambarare, huko njia ya Ndungu, ambako wakaguzi walikuwa jana. Anangoja wamalize hapa avipeleke ng'ambo ya mlima, maana kesho wanakwenda huko. Aliyasema hayo akijipangusa jasho, bila haya yoyote. Wali niliokuwa nageuza ukaninukia vibaya.

Nilimfuata mkuu wa shule nyuma ya ofisi, nikamwuliza tunamdanganya nani. Akashusha sauti.

"Mama, funika kombe mwanaharamu apite."

Nikaenda kuchungulia dirisha la maabara. Aliyechaguliwa kuinamia hadubini alikuwa binti yangu, kwa sababu anajieleza vizuri. Mkaguzi mmoja, mzee wa miwani, akamwuliza anaona nini. Akajibu kwa Kiingereza, kama alivyokaririshwa, kwamba anaona seli za kitunguu. Walimu wakapiga makofi, na yule mzee akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake.

Baada ya chakula tukaitwa kikaoni, wazazi wote. Kiongozi wa msafara alisimama akasema ubishi wa mitaala sasa umekwisha: mtoto wa milimani na mtoto wa mjini watapimwa kwa kipimo kimoja, na shule yetu imekidhi viwango vyote. Yalikuwa maneno yangu yaleyale niliyomwambia mwuza sare, sasa yanatoka kwenye mdomo unaong'aa mafuta ya kuku wetu. Nikasimama.

"Naomba sanduku lile lisiondoke hapa mpaka watoto wafanye mtihani wao."

Wazazi wakatazama chini. Mgeni akacheka kwa upole, akasema mali ya shule haiwezi kuondoka shuleni, mama asiwe na wasiwasi. Akapigiwa makofi, na waliopiga ni pamoja na wale tuliobeba nao mawe.

Walipokuwa wanaagana, mzee wa miwani akanijia. Nilimwamkia, maana malezi ni malezi.

"Marahaba, mama," akasema. "Sanduku lile nililiona jana. Lakini nikiandika hamna kitu, shule itashushwa, na watakaoumia ni watoto wenu."

Alisema kama mtu aliyenifanyia hisani. Kisha akapokea mfuko wake wa tangawizi, zawadi ya wanakijiji, akaingia garini. Angekuwa amedanganywa ningemhurumia. Huyu alijua, na aliweka vema.

Vumbi la gari halijatulia, dereva wa bodaboda alikuwa tayari anakaza mpira wake. Hakuna aliyemzuia. Mimi pia nilisimama tu, nimeshika mwiko.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, binti yangu na sufuria kichwani, mimi na beseni la sahani. Nilimwuliza seli za kitunguu zinafananaje, angalau mmoja wetu awe amefaidi. Akajibu tukivuka mfereji.

"Sikuona kitunguu, mama. Niliona kope zangu."

Tukaendelea kupanda. Baadaye akaniuliza, bila kugeuka, kama kwenye mtihani wa taifa aandike alichokiona au alichofundishwa kusema.

Nilimwambia akaze mwendo, giza litatukuta njiani. Jua lilikuwa bado liko juu.