Utosi wa Mwanangu

Mtoto huzaliwa na mifupa ya kichwa ambayo bado haijaungana. Vipande vimeachiana nafasi ili kichwa kibonyee kidogo kinapopita njia ya uzazi, na baadaye ubongo upate pa kukulia. Pale juu utosini hakuna mfupa kabisa. Ni ngozi na utando tu, na ukiweka kidole unahisi mapigo ya moyo. Haya nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu hapa Titye bila kupepesa macho. Kwa mwanangu mwenyewe nilikuwa mwoga, hata kumwosha kichwa nilimwachia mama mkwe.

Mtoto alipoanza kuharisha, baba yake alikuwa safarini. Asubuhi ya pili mama mkwe alimvua kofia akashtuka. Utosi ulikuwa umezama, kidole gumba kingeweza kulala humo.

"Umwana wanje!" alisema kwa Kiha, mwanangu jamani. "Utosi umeingia. Lete mawese."

Alitaka kuponda majani, ayachanganye na mawese, azibe lile shimo. Na nisimnyonyeshe mpaka tumbo litulie. Kwetu wengi huamini shimo ndilo ugonjwa wenyewe, likizibwa mtoto amepona.

"Mama, kichwa hakina kosa. Maji yamemwishia mwilini, ndiyo maana ngozi imezama. Namnyonyesha, halafu tunakwenda hospitali Kasulu."

"Wanangu wote niliwapaka."

"Na wote wapo?"

Kaburi la mmoja wao lilikuwa pale pale nyuma ya migomba. Mimi hasira zangu ziko karibu, hazipigi hodi. Mama mkwe aliweka kibakuli chini, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha safari.

Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati na mtoto kifuani. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza, na mtoto alikuwa akilia bila chozi. Baadaye hakulia kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliingiza mkono chini ya kitenge nilichomfunikia nikaweka kidole utosini. Kila pikipiki iliporuka, mapigo yalinipotea, nami nikabana pumzi mpaka niyapate tena.

"Yanapiga?" mama mkwe aliuliza mgongoni kwangu.

"Yanapiga."

Tukienda kidogo, anauliza tena. Dereva mwenyewe aliacha kupiga honi.

Hospitali walimtundikia dripu, kisha wakanipa maji ya chumvi na sukari nimnyweshe kwa kijiko, taratibu. Jioni nilimshika mama mkwe mkono, nikaweka kidole chake juu ya kichwa cha mtoto. Ngozi ilikuwa imeinuka. Aliangua kilio, wodi nzima ikageuka kututazama. Nami nililia naye, nikamwomba radhi kwa lile neno la asubuhi.

Mtoto huyo sasa ni kijana, amenipita urefu. Majuzi alirudi kutoka shule ya bweni Kibondo akiwa kimya. Chakula hakukigusa, simu aliifunika kila nilipopita. Nikamwuliza ana nini.

"Niko poa, mama."

Nilimpapasa kichwani kama zamani, akaukwepa mkono wangu. Mifupa ilishaungana, migumu, inalinda yote yaliyomo ndani. Nimebaki na kidole changu, na sina pa kukiweka.